Uso Usiobadilika: Sanaa ya Kusimulia kwa Midoli na Kamera

Mdoli wa shujaa unaouzwa madukani una uso mmoja tu. Uliotoka kiwandani ukitabasamu utatabasamu hata mbele ya maiti, na uliotoka umekunja kipaji utakikunja hata harusini. Midoli ya filamu ya Star Wars ambayo kampuni ya Kenner ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1978 ilikuwa na urefu wa takriban sentimita 9.5, na mingi kati yake iliweza kusogezwa sehemu tano: shingo, mabega mawili na nyonga mbili. Magoti na viwiko havikukunjika. Leo ipo midoli yenye viungo zaidi ya 20, inayochuchumaa, inayoshika upanga kwa mikono miwili na kugeuza kiwiliwili, lakini usoni hali ni ileile, na hata inayouzwa pamoja na nyuso za kubadilisha huwa nazo mbili tatu. Kwa karibu miaka 50 sasa wasanii watu wazima wamevichukua vitu hivi, wakavipanga mezani au ardhini, wakavipiga picha moja baada ya nyingine, na kwa picha hizo wakasimulia vita, upweke na mauaji ya halaiki kwa namna inayomshika mtazamaji asibanduke. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kazi hizo inatokana na upungufu wenyewe wa mdoli. Mdoli hauwezi kuigiza, hauwezi kumwokoa msimulizi aliyekosa la kusema, kwa hiyo msimulizi analazimika kuamua kila kitu kabla ya kubonyeza kamera. Anayetaka kujua hadithi ya picha imejengwa kwa vitu gani hasa, hana mwalimu mkali kuliko mdoli.

Swali la kwanza ni la haki kabisa: uso usiobadilika utabebaje huzuni? Watu wa sinema waliligusa jambo hili zamani. Katika miaka iliyofuata mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov aliunganisha vipande vya filamu kwa namna ya kujaribu. Uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usioonyesha hisia yoyote ya wazi, ulifuatiwa na bakuli la supu; kisha uso huohuo ukafuatiwa na jeneza; kisha ukafuatiwa na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa, ilhali kipande cha uso kilikuwa kilekile. Filamu ya jaribio hilo haikubaki, na watafiti waliolirudia baadaye hawakupata matokeo yanayolingana kila mara, hivyo si vyema kulishika kama kanuni ya hesabu. Lakini ushahidi mwingine upo Japani, na huo umekaa jukwaani kwa karne nyingi. Mwigizaji wa tamthilia ya Noh huvaa barakoa ya mbao isiyosogea hata unywele. Akiiinua kidogo, mwanga huiangukia na sura huonekana kuchangamka. Akiiinamisha, kivuli hushuka kutoka kwenye paji na sura ileile huonekana kuzama katika simanzi. Mbao hazikubadilika. Kilichobadilika ni pembe, mwanga, na kile ambacho mtazamaji tayari anakijua kuhusu mtu huyo.

Mambo hayo matatu ndiyo mtaji wa anayesimulia kwa midoli, na hakuna hata moja linalokuja kwa bahati. Mwigizaji hai akipigwa picha bila mpango, huenda macho yake yakaleta kitu ambacho mpiga picha hakukiwaza. Mdoli hauleti chochote usichouwekea. Ukiuelekeza kichwa chini nyuzi chache na kuweka taa juu yake, umeupa aibu au uchovu. Ukisahau, umepiga picha ya plastiki. Ndiyo maana picha nyingi za midoli zinazosambaa mitandaoni hupendeza kwa sekunde moja kisha zikasahaulika: kuna cheche, kuna vumbi, kuna shujaa aliyeruka hewani kwa waya uliofutwa, ila hakuna aliyeamua mtu huyu anataka nini na kitu gani kinamzuia. Ufundi upo, hadithi haipo.

Afrika Mashariki si ngeni katika hadithi za picha. Vijana wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya 1970 walimsoma Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara nene, katika gazeti la African Film lililotolewa na kampuni ya Drum. Tanzania nayo ilikuwa na Film Tanzania ya Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo. Hadithi hizo zilipigwa kwa waigizaji hai na maneno yakawekwa juu ya picha. Mwigizaji aliweza kutumbua macho, kukunja ngumi, kuanguka chini akishika kifua, na sura yake ikaziba nyufa nyingi za mpangilio. Ondoa waigizaji, weka midoli, na nyufa zote zinaonekana. Msimulizi analazimika kurudi kwenye karatasi.

Tuchukue hadithi ndogo ya kawaida: mwanamume amefukuzwa kazi, anarudi nyumbani, hajui atamwambiaje mkewe. Mwenye haraka ataweka midoli miwili ikitazamana, ataandika juu yake maneno marefu ya kueleza yaliyotokea, na atakuwa ameandika barua akaibandika picha. Mwenye mpango atachora visanduku sita kwa penseli kwenye daftari, michoro ya vijiti tu, kisha atajiuliza kila kisanduku kinafanya kazi gani. Cha kwanza: mlango kwa mbali, mtu mdogo kwenye kona ya picha, amesimama, hajabisha hodi. Cha pili: mkono wake karibu na mlango. Cha tatu: ndani, mke ameketi akitupa mgongo, mbele yake sahani mbili mkekani. Cha nne: sahani peke yake, na kivuli cha mwanamume kimezipitia. Cha tano: wote wawili kwa mbali, sahani zimefunikwa. Cha sita: sahani moja imeliwa, nyingine haijaguswa. Hapo hakuna uso hata mmoja ulioonekana vizuri, na msomaji ameshaelewa. Akiitazama tena michoro yake, mpangaji huyo ataona kwamba kisanduku cha pili hakina kazi, maana kusitasita kumeshasemwa na cha kwanza, naye atakifuta. Kufuta huko kumemgharimu sekunde moja kwenye daftari. Mbele ya kamera kungemgharimu saa nzima ya kusimamisha midoli inayoanguka.

Utaona pia kwamba jambo kubwa zaidi la hadithi hiyo halikupigwa picha. Mazungumzo yenyewe yako kati ya kisanduku cha tano na cha sita, mahali ambapo msomaji anayaunda kichwani mwake. Uchaguzi wa nini kiangukie katika pengo hilo ndio moyo wa kupanga, na mambo mengine ni ya kuulinda: aliyekuwa kushoto abaki kushoto fremu ifuatayo ili msomaji asipotee, shati lililokuwa nje ya suruali lisiingie ndani lenyewe, mwanga wa jioni usigeuke wa asubuhi. Kwenye daftari pembeni mwa kila mchoro huandikwa mambo hayo kwa ufupi, pamoja na urefu wa kamera kutoka chini. Kazi ya midoli huenda polepole sana. Asiyeandika husahau.

Urefu wa kamera nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu ndiko wengi wanakokosea. Mdoli wa sentimita 15 ni mtu aliyepunguzwa mara 12 hivi. Macho yake yako kama sentimita 14 kutoka chini. Mtu mzima akiinama na kupiga picha kwa juu, anampa msomaji mtazamo wa mtu anayetazama kitu kilichoachwa sakafuni, na hadithi inakufa kabla haijaanza. Kamera ikishushwa hadi usawa wa macho ya mdoli, mdoli unakuwa mtu. Ikishuka zaidi, unakuwa mtu wa kutisha au wa kuheshimiwa. Tatizo la pili ni kwamba mwili umepunguzwa lakini dunia haikupunguzwa. Punje ya mchanga ya milimita moja, mbele ya mdoli wa kipimo hicho, ni kokoto ya milimita 12, ndiyo sababu anayetaka barabara ya vumbi hutafuta vumbi lililochekechwa, na anayetaka theluji hutumia unga. Maji ni makaidi kuliko vyote: tone la milimita nne juu ya shavu la mdoli ni sawa na donge la karibu sentimita tano usoni pa mtu. Moto nao haukubali kuwa mdogo, kwani ndimi zake hucheza haraka mno kulinganisha na ukubwa unaodaiwa. Waliozoea kazi hii hupanga hadithi zao wakijua mapema ni vitu gani vitawasaliti, na mvua wataionyesha kwa ardhi iliyolowa na watu waliojikunyata, bila kudondosha tone.

Kisha kuna suala la ukungu. Lenzi ikisogea karibu sana na kitu, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba, na vya mbele na vya nyuma hufifia. Macho yetu yamezoea kwamba picha ya mtaa mzima huwa kali mbele na nyuma, kwa hiyo ukungu mwingi hutuambia, hata bila kufikiri, kwamba tunachokiona ni kidogo. Dawa ni kubana tundu la lenzi na kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, kamera ikiwa juu ya stendi. Na hapa kutoweza kwa mdoli kunageuka faida, maana haupumui wala hautikisiki. Simu janja nazo, kwa sababu kihisio chao cha picha ni kidogo, huonyesha kina kikubwa kwa ukali kuliko kamera nyingi za bei kali, jambo linalomfaa sana anayeanza. Jua ni rafiki mwingine asiyegharimu kitu, kwa kuwa kivuli chake huwa na ukingo mkali hata kwa mdoli mdogo. Ila katika nchi zetu za ikweta jua la mchana husimama utosini na kuficha kivuli chini ya miguu. Saa moja na mbili za asubuhi, au saa kumi na moja jioni, vivuli hulala na kuupa mdoli uzito wa mtu anayekanyaga ardhi.

Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, alionyesha jinsi hesabu hizi zinavyoweza kufika mbali. Alibuni mji uitwao Elgin Park, mji wa Marekani wa katikati ya karne ya 20, kwa magari madogo ya chuma yaliyopunguzwa mara 24 na majengo aliyoyatengeneza mwenyewe. Aliweka meza nje, akapanga magari juu yake, kisha akasogeza meza na kamera ndogo ya kawaida hadi miti na nyumba halisi zilizokuwa mbali nyuma yake zikalingana kwa ukubwa na magari. Hakuunganisha picha kwa kompyuta. Watu hakuwaweka kabisa, na uamuzi huo naona ni wa busara kubwa, maana gari lililoegeshwa mlango wazi mbele ya nyumba yenye taa moja humfanya mtazamaji amtafute mwenye gari.

Kama Smith alitaka kila kitu kionekane kwa ukali, mpiga picha David Levinthal alitaka kinyume chake, na alikuwa sahihi vilevile. Mwaka 1977 yeye na mchoraji wa vibonzo Garry Trudeau, waliofahamiana Chuo Kikuu cha Yale, walitoa kitabu Hitler Moves East, kinachosimulia uvamizi wa Ujerumani dhidi ya Muungano wa Kisovyeti kati ya 1941 na 1943 kwa picha za askari wa kuchezea. Picha hizo zina rangi ya kahawia ya picha za kale, na sehemu kubwa ya kila moja imefifia. Mtazamaji wa haraka hudhani ni picha za vita halisi. Akirudia kutazama, anaona mkono wa plastiki, na hapo anashtuka, kwa sababu anatambua kwamba alichokuwa ameamini ni ule ukungu wenyewe. Picha alizopiga mpiga picha wa vita Robert Capa majeshi ya Washirika yalipotua Normandy tarehe 6 Juni 1944 zina mtikisiko, na mtikisiko huo ndio unaotuaminisha hatari. Levinthal alichukua alama hiyo ya ukweli akaivika midoli, na kwa kufanya hivyo akatufundisha kuhusu picha za vita jambo ambalo picha za vita zenyewe haziwezi kulisema. Mmoja alibana lenzi, mwingine aliifungua, na wote wawili walijua sababu kabla ya kupiga.

Yupo atakayesema kwamba bado ni mchezo wa watoto. Pingamizi hili huchanganya kifaa na kazi inayofanywa nacho. Katika miaka ya 1940 Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vilivyopunguzwa mara 12, ndani yake wanasesere wakiwa maiti, kila pazia na kila kopo likiwa mahali pake, ili kuwafundisha wapelelezi wa polisi namna ya kusoma mahali palipotokea kifo. Aliyeviona hakuwaza kucheza. Lakini mfano ulio karibu zaidi na hoja yangu ni wa Mark Hogancamp wa Kingston, jimbo la New York. Aprili 2000 wanaume watano walimpiga nje ya baa. Alizimia siku tisa, na alipozinduka sehemu kubwa ya kumbukumbu za maisha yake ilikuwa imefutika. Ilimbidi ajifunze upya hata kutembea na kuandika. Huduma ya kumrudisha katika hali yake ilipokoma kwa kukosa fedha, alijenga nyumbani kwake kijiji kilichopunguzwa mara sita, kijiji cha kubuni cha Ubelgiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akakiita Marwencol. Midoli yake iliwakilisha watu aliowafahamu, na mmoja ulikuwa yeye mwenyewe. Jeff Malmberg alitengeneza filamu ya hali halisi kumhusu mwaka 2010, na mwaka 2018 Robert Zemeckis akaitoa hadithi hiyo kama filamu ya kuigizwa.

Katika picha za Hogancamp mdoli unaomwakilisha hukamatwa na askari wa Hitler, huteswa, kisha huokolewa na wanawake wa kijiji. Uso ni uleule anapopigwa na anapookolewa, na bado hakuna mtazamaji anayechanganya picha hizo. Tofauti imewekwa na mikono iliyomshika, na umbali wa kamera, na nani amesimama nyuma ya nani. Tena Hogancamp alikuwa akiburuta gari dogo la kijeshi kando ya barabara ili matairi yake yachakae kama ya gari lililotumika. Katika picha moja uchakavu huo hauonekani sana. Katika hadithi ya mamia ya picha unaonekana, kwa sababu kila kitu kinaonyesha kwamba kilikuwapo jana. Sisemi kwamba midoli hutibu. Daktari ndiye wa kulisema hilo. Ninachosema ni kwamba mtu aliyenyang'anywa mfuatano wa maisha yake aliujenga upya fremu kwa fremu, na kazi hiyo isingewezekana kwa picha za kubahatisha.

Pingamizi zito zaidi linahusu ukweli. Kamera, watasema, thamani yake ni kushuhudia. Ukiielekeza kwenye plastiki uliyoipanga mwenyewe, unatumia heshima ya picha kusema uongo. Namheshimu anayesema hivyo, hasa katika zama hizi ambapo picha za kughushi huzunguka kwenye simu zetu kila siku ya uchaguzi. Lakini tumtazame mwongozaji wa filamu Rithy Panh wa Kambodia. Alikuwa mtoto wapiganaji wa Khmer Rouge walipoingia mji mkuu, Phnom Penh, Aprili 1975, na wazazi wake pamoja na ndugu zake kadhaa walikufa chini ya utawala huo, ulioangushwa Januari 1979 baada ya kuua kati ya watu milioni moja na nusu na milioni mbili. Utawala ule ulipiga filamu zake wenyewe: vijana wenye afya wakibeba udongo kwa nyimbo, mashamba yaliyostawi. Kamera zilikuwa halisi, watu walikuwa halisi, na filamu zilikuwa propaganda. Njaa haikupigwa picha. Kwa hiyo katika filamu yake The Missing Picture ya mwaka 2013, iliyoshinda tuzo ya Un Certain Regard katika tamasha la filamu la Cannes na kuteuliwa kuwania Oscar, Panh alitumia sanamu ndogo za udongo zilizochongwa na Sarith Mang na kupakwa rangi. Sanamu hazisogei. Kamera ndiyo inayotembea kati yake, na msimulizi anaeleza.

Hizo si midoli ya dukani, lakini sheria inayozitawala ni ileile. Sanamu za Panh hazimdanganyi mtu, kwa sababu kila mtazamaji anaona ni udongo. Uongo wa picha hutokea pale kitu kilichopangwa kinapojifanya hakikupangwa, na sanamu isiyosogea haiwezi kujifanya. Inakiri mpangilio wake katika kila fremu, kisha inadai ipimwe kwa kingine: je, mambo yaliyosimuliwa yalikuwa hivyo? Ndipo ukimya wa uso unapopata maana mpya. Mwigizaji analia kwa niaba ya marehemu, na tunamwona yeye akilia. Sanamu hailii kwa niaba ya mtu, na nafasi ya marehemu inabaki wazi, yake.

Kuhusu gharama nitasema machache. Midoli ya viungo vingi inayotoka Japani na Marekani ni ghali, na mtu anaweza kufikiri kwamba sanaa hii ni ya wenye fedha. Hoja yote ya makala hii inalikataa wazo hilo. Kama uso na viungo si chanzo cha hadithi, basi mwanasesere wa majani ya migomba, pikipiki ya waya au gari la kopo vinafaa, na pengine vinafaa zaidi, kwa kuwa havina sura ya shujaa ambaye hadithi yake ilishaandikwa na kampuni ya filamu. Mdoli wa Spider-Man huja na historia ya watu wengine, na mengi utakayosimulia kwa mdoli huo yatakuwa nyongeza ya historia hiyo. Mwanasesere wa kushona kwa vitambaa vya kanga hana deni kwa mtu.

Limekuja pingamizi jipya ambalo miaka michache iliyopita lisingekuwapo. Programu za akili mnemba sasa zinatengeneza kwa sekunde chache picha ya mdoli wowote, mahali popote, kwa mwanga wowote. Kwa nini mtu alale kifudifudi vumbini saa nzima? Anayetaka picha moja ya kupamba, aitumie programu, sina ugomvi naye. Lakini msimulizi apime anachokabidhi. Akiandika kwamba anataka mwanamume mwenye huzuni mlangoni, programu itaamua urefu wa kamera, upande wa mwanga, umbali, hali ya mlango na kuwapo kwa kivuli, nayo itaamua kwa kufuata wastani wa picha nyingi zilizokwisha kuwapo. Maamuzi hayo ambayo ndiyo usimulizi wenyewe yamefanywa na wastani, na itampa pia uso wenye huzuni, kitu ambacho hadithi yetu ya sahani mbili haikukihitaji. Mdoli humgomea msimulizi: huanguka, hauinami anavyotaka, kivuli chake huingia pasipofaa, na kila mgomo humlazimisha ajiulize tena kama fremu ile inahitajika.

Limebaki pingamizi la mwisho, ambalo wazazi na walimu hulitoa kwa uchungu: kwamba kuonyesha vita kwa vitu vya kuchezea ni kuvifanya vita mzaha. Lingekuwa kweli kama mpango ungeanzia kwenye vitu vya kuchezea. Mpiga picha wa Marekani Brian McCarty, katika mradi wake wa WAR-TOYS alioanza mwaka 2011, anauanzisha kwa mtoto. Amefanya kazi na watoto wa Gaza, Ukingo wa Magharibi na Israeli, na baadaye wa sehemu nyingine zenye vita, akishirikiana na wataalamu wanaotumia uchoraji kuwasaidia watoto kueleza yaliyowapata. Mtoto anachora alichokiona: ndege, nyumba, mtu aliyelala chini. Mchoro huo ndio unaokuwa mpango wa picha. McCarty hununua vitu vya kuchezea vinavyopatikana katika masoko ya hapohapo, huvipeleka mahali halisi panapohusika, huvipanga kama mchoro unavyoonyesha, na kupiga.

Waandishi wa habari wanazo picha nyingi za watoto katika vita, na katika nyingi kati yake mtoto ndiye anayetazamwa, uso wake ukiwa umefunikwa na vumbi au machozi, bila ya yeye kuulizwa. Katika picha za McCarty uso wa mtoto haumo. Kilichomo ni mpangilio aliouamua yeye: ndege iwe kubwa kiasi gani, nani awe karibu na mlango, nani awe peke yake. Mtoto anayechora ndege kubwa kuliko nyumba hajakosea vipimo, na mpiga picha anayeheshimu mpango wake atausogeza mdoli wa ndege karibu na lenzi hadi ulingane na mchoro.